Mkahawa wa Kihabeshi wa Silver Spring, pamoja na Mkanada asiye na mkahawa wa kwao

Katika ofisi yetu hapa Maryland tuko wahasibu watatu tunaokaa safu moja: Mwethiopia, Mkanada na mimi, Mchaga wa Moshi. Mwaka huu tulikubaliana kwamba kila mmoja, kwa zamu yake, atawapeleka wenzake wakale chakula cha kwao. Mimi sikupata mkahawa wa Kitanzania ulio karibu, nikapika mtori nyumbani. Mkanada alitafuta wiki nzima katika eneo lote la Washington asipate mahali panapojiita pa Kikanada, akaomba zamu yake isogezwe mbele. Mwethiopia alikuwa na tatizo la kinyume kabisa, kwani alikuja na orodha ya migahawa kumi na miwili, na ilimbidi ampigie simu shangazi yake ili amsaidie kuichuja. Mkahawa ninaoutathmini hapa ndio uliobaki baada ya mchujo huo, na nitauzungumzia pamoja na wale watu wawili nilioketi nao, maana tofauti kati ya jamii zao mbili ilionekana pale mezani wazi kuliko nilivyowahi kuiona katika majedwali ya takwimu.

Jina la mkahawa naliacha, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinaweza kukutwa katika mikahawa mingi ya mtaa ule. Upo mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya Silver Spring, una meza zisizozidi kumi na tano, na ukutani pamening'inizwa picha za makanisa ya Lalibela yaliyochongwa katika mwamba. Haupo Silver Spring kwa bahati. Biashara za Wahabeshi ziliota mizizi Washington mwishoni mwa miaka ya 1970 katika kitongoji cha Adams Morgan, baada ya mapinduzi ya 1974 kumwondoa Haile Selassie na kuwaacha ughaibuni wanafunzi na maofisa ambao hawakuweza tena kurudi kwao. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya 1980 iliwaongeza wengine, wengi wao wakiwa wamepitia Sudan. Kodi za pango zilipopanda, biashara zilihamia karibu na U Street, kisha zikavuka mpaka wa jiji na kuingia Silver Spring upande wa Maryland na Alexandria upande wa Virginia, ambako leo mtu anaweza kuzaliwa, kubatizwa, kukatiwa bima, kuolewa na kuzikwa kwa Kiamhari, lugha kuu ya Ethiopia, bila kutoka nje ya kilomita chache za mraba.

Tulikwenda Ijumaa jioni, na Ijumaa kwa Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia ni siku ya mfungo, kama ilivyo Jumatano. Hawali nyama, mayai wala maziwa. Mwenyeji wetu aliagiza sinia la mboga la watu wawili kwa dola 36, na nakiri kwamba ndilo lililokuwa bora kuliko vyote. Shiro, ambayo ni rojo la unga wa dengu na viungo, ililetwa ikiwa bado inatokota ndani ya chungu kidogo cha udongo. Dengu nyekundu zilikuwa na berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, ya kutosha kuamsha pua bila kuua ladha, na gomen, majani ambayo jirani zetu wa Kenya wangeyaita sukuma wiki bila kusita, yalipikwa kwa kitunguu saumu na tangawizi hadi yakalainika bila kupoteza rangi. Doro wat ya dola 21, yaani kuku aliyepikwa katika mchuzi mzito wa vitunguu vilivyokaangwa kwa muda mrefu, ilikuwa na rangi ile nyekundu ya kuiva inayotakiwa, ila yai lake lilikuwa la baridi katikati, dalili kwamba lilitoka kwenye jokofu na kutupwa chunguni dakika ya mwisho. Kitfo ya dola 22 ndiyo iliyoniudhi. Nyama hiyo mbichi iliyosagwa inapaswa kufika mezani ikiwa na uvuguvugu wa samli yenye viungo. Yetu ilifika ikiwa na ubaridi wa bucha, na samli ilikuwa imeanza kuganda pembeni.

Injera, ule mkate mpana na laini wa unga uliochachushwa, inastahili maneno yake yenyewe. Menyu inasema kwamba ni ya teff tupu, ile nafaka ndogo ya Ethiopia, lakini ilikuwa nyeupe mno na ukakasi wake ulikuwa hafifu, tofauti na ule uchachu wa togwa ya siku ya tatu ambao injera ya teff huuacha mdomoni. Mwenzetu alipouliza, mhudumu alikiri bila aibu kwamba huchanganywa na unga wa shayiri na wa ngano, na kwamba ya teff tupu huletwa kwa kuagiza na kuongeza dola 3. Sababu yao naielewa: mwaka 2006 serikali ya Ethiopia ilizuia nafaka hiyo kuuzwa nje ili kulinda bei ya walaji wa ndani, wakulima wa Idaho, huku Marekani, wakapata soko lao, na injera iliyokwisha kupikwa ikawa inapanda ndege Addis Ababa na kushuka uwanja wa Dulles karibu na Washington. Kwa hiyo teff ni ghali. Kuchanganya unga hakunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni menyu kusema jambo moja na jiko kupika jingine.

Tulipofika katikati ya sinia, Mkanada, ambaye tayari alikuwa amelishwa gursha mbili, yaani tonge anazokutilia mwenzako kinywani kwa mkono wake kama ishara ya upendo, aliuliza swali la kihasibu. Alitaka kujua kwa nini Waethiopia wana migahawa mingi kiasi hiki ilhali takwimu zinaonyesha kwamba Wakanada ndio wenye fedha. Swali halikuwa la kejeli, na takwimu anazosema ni za kweli. Watu waliozaliwa Kanada na kuishi Marekani ni takriban 800,000. Umri wao wa kati umepita miaka 50, karibu nusu ya watu wazima miongoni mwao wana shahada, na kipato cha kati cha kaya zao kiko juu ya kile cha Wamarekani kwa jumla. Waethiopia ni wachache zaidi na ni vijana zaidi, wengi wao walifika baada ya 1990, na kipato cha kaya zao kiko chini ya kile cha Wakanada kwa pengo kubwa, ingawa sehemu kubwa zaidi yao ndiyo iliyo kazini. Kaya ya Mkanada mstaafu wa Florida huhesabika kuwa na kipato kizuri hata kama hakuna mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini.

Jibu lilikuwa mezani petu. Mwethiopia wetu alishinda bahati nasibu ya visa, ule mpango ulioanza kutoa visa mwaka 1995, ambao huruhusu hadi visa 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi zisizopeleka wahamiaji wengi Marekani. Mpango huo humtaka mshindi awe amemaliza sekondari, au awe na uzoefu wa miaka miwili katika kazi inayohitaji mafunzo, na hauulizi kama kuna mwajiri anayemngoja. Mshindi hutua akiwa mkaazi wa kudumu kisheria, lakini bila kazi na bila nyumba. Mwenzetu alitua na shahada ya uhasibu ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa, akaanza kazi katika kibanda cha kupokelea malipo kwenye maegesho ya magari ya chini ya ardhi, na ilimchukua miaka tisa ya madarasa ya jioni kufika kwenye meza anayokalia sasa. Mkanada haruhusiwi hata kuicheza bahati nasibu hiyo, kwa kuwa nchi yake hupeleka watu wengi kupita kiwango, na wala haihitaji. Chini ya mkataba wa biashara huru wa Amerika Kaskazini ulioanza 1 Januari 1994, na ule uliourithi Julai 2020, raia wa Kanada ambaye taaluma yake imo katika orodha, uhasibu ukiwemo, huweza kufika mpakani na pasipoti, barua ya mwajiri na uthibitisho wa shahada, akaruhusiwa papo hapo kufanya kazi kwa muda wa hadi miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Huyu wetu alivuka asubuhi kwa gari karibu na Buffalo, na Jumatatu iliyofuata alikuwa akikokotoa mizania. Watu wawili, shahada ya aina moja, safu moja ya meza. Mmoja miaka tisa, mwingine siku moja. Anayezisoma takwimu za jamii hizi mbili bila kuuliza kila mmoja aliingia kwa mlango upi atadhani anawapima watu, kumbe anaipima milango.

Hata hivyo hesabu haikuishia kwa ushindi wa Mkanada, na hapo ndipo mkahawa wenyewe ulipotoa ushahidi. Mwenye mkahawa, mama wa makamo ambaye mwenzetu alimwita kwa neno la heshima la dada mkubwa, alikuja kutusalimu na kusimulia kwamba mtaji wake wa kwanza haukutoka benki bali ulitoka kwenye equb. Mimi sikuhitaji tafsiri, kwa kuwa equb ni upatu, ule ule ambao mama zetu wa Kiborloni hucheza kila wiki. Wana pia iddir, ambayo ni chama cha kufa na kuzikana. Mkanada alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, kisha akasema kwamba yeye alipata nyumba yake kupitia tangazo, hajui Mkanada mwingine hata mmoja katika jengo lao, na akipoteza kazi kibali chake humpa siku 60 tu za kutafuta nyingine au kuondoka. Mwethiopia mwenye ukaazi wa kudumu hana saa kama hiyo inayomhesabia, na akitaka huomba uraia, ingawa kwa gharama asiyoijua Mkanada: Ethiopia hairuhusu uraia wa nchi mbili, ilhali Kanada huruhusu tangu 1977. Katika jiji la Washington, sheria ya 2004 kuhusu lugha za kuhudumia wananchi imekifanya Kiamhari kuwa miongoni mwa lugha ambazo ofisi za jiji hutafsiria nyaraka zake. Hayo ni matokeo ya kijamii ambayo safu ya kipato haiyaonyeshi, na yamejengwa na watu ambao hawakuwa na barua ya mwajiri mfukoni.

Nirudi kwenye huduma. Tulisubiri dakika 45 kabla ya chakula, jambo ambalo ningelisamehe kama maji yangeletwa. Wahudumu walikuwa wawili kwa ukumbi uliojaa, na mmoja wao alikuwa pia akifunga vyakula vya kupeleka majumbani. Maegesho ni taabu tupu siku ya Ijumaa. Njoo kwa treni. Tej, ile pombe ya asali ambayo Mkanada alikunywa glasi mbili za dola 10 kila moja, niliionja nikaiona tamu mno kwa mtu aliyekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Mkanada alipendekeza bili igawanywe mara tatu, mhudumu akamtazama kama aliyetukanwa: sinia ni moja, bili ni moja. Pamoja na kahawa ilifika dola 117 kabla ya kodi na bakshishi, na mwenyeji wetu aliilipa yote kabla hatujainua mikono.

Kahawa, kwa dola 18, ndiyo itakayonirudisha. Wao huiita buna, nasi buni tunazijua tangu mibuni ya babu. Mabinti wa nyumba walizikaanga buni mbele yetu, wakapitisha kikaango kila mtu avute moshi wake, wakachoma uvumba, wakamimina kutoka kwenye jebena, birika lao la udongo, mara tatu: abol, tona, na ya tatu ambayo huitwa baraka, neno ambalo nililipokea kama salamu ya nyumbani. Tulipouliza wanafunga lini, mwenzetu alitafsiri jibu la mhudumu neno kwa neno kwa Kiingereza, kwamba ni saa nne. Mkanada aliitazama simu yake kwa wasiwasi, maana kwa saa ya Kizungu nne ni alasiri au alfajiri. Mimi nilijua kwamba tulikuwa na dakika arobaini na tano, kwa kuwa Wahabeshi huhesabu saa zao kuanzia mapambazuko kama sisi.

Ningeupa mkahawa huu nyota nne kati ya tano kwa sinia la mboga na kahawa, na mbili kwa vyakula vya nyama. Nenda Jumatano au Ijumaa, siku ambazo jiko linapika vyakula vya mfungo kwa wingi na kwa uangalifu, lipa zile dola 3 upate injera ya teff tupu, na kitfo uiombe ipashwe kidogo, ile wanayoiita leb leb. Zamu ya Mkanada ni mwisho wa mwezi. Ameamua atatukaangia viazi vya kwao vinavyomwagiwa jibini na rosti, na kwa kuwa chumba chake hakina meza ya kutosha watu watatu, alibaki mlangoni akimwuliza mama mwenye mkahawa kama anaweza kumkodisha moja kwa Jumapili mchana.