Mizani ya sindano ya santuri: ipi ununue ukiwa Tanga

Mwenye mashine ya santuri Tanga siku hizi kwa kawaida hakuinunua mpya. Ameirithi kwa baba mkubwa, ameipata kwenye mnada wa vyombo vya nyumba, au imeshuka na mzigo wa mitumba ya umeme. Mashine ya namna hiyo huja na mambo mawili: sindano isiyojulikana umri wake, na uzito wa nyuma ya mkono unaobeba sindano, ambao namba zake zimefutika, au umetolewa kwenye mashine nyingine kabisa. Ukizungusha gurudumu la namba la uzito huo hadi 2, huna hakika kama sindano inaikandamiza santuri kwa gramu 2 kweli au 3 na nusu. Hapo ndipo mizani inapoingia.

Kila kichwa cha sindano, yaani kile kijisanduku cha ncha ya mkono kinachoishika sindano, kina uzito wake wa kukandamiza santuri aliouweka mtengenezaji. Ortofon 2M Red hutaka gramu 1.8. Audio-Technica AT-VM95E hutaka 2.0, nayo huvumilia kati ya 1.8 na 2.2. Denon DL-103 ni 2.5, na vichwa vya madijei hufika 3 au 4. Wengi wetu tunaogopa uzito mkubwa, tunasema utachimba santuri. Kweli utaila, lakini wepesi ni hatari zaidi. Sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfuo, ule mstari uliochongwa kwenye santuri, kila sauti inapopanda, na kila inapotua hugonga kuta za mfuo. Ile mikwaruzo unayoisikia mwimbaji anapopandisha sauti, na ambayo haitoki hata uoshe santuri mara ngapi, mara nyingi ni alama za sindano nyepesi au iliyokwisha.

Sasa fikiria kilichomo kwenye makabati ya mji huu: sahani ndogo za mizunguko 45 za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, nyingi zikiwa na lebo za Kenya. Hazichapwi tena. Mizani ya bei ya chakula cha mchana cha watu wachache inazipunguzia shida nyingi.

Kabla hujatoa hela, angalia kama unaihitaji. Kama mashine yako ni ile ya begi, yenye spika ndani na mkono wa plastiki usio na uzito wa nyuma, usinunue. Uzito wake umefungwa kiwandani, mara nyingi karibu na gramu 5, na hakuna pa kurekebisha. Mizani itakupa huzuni tu. Na kama unachopiga ni gramafoni ya kukaza kwa mkono, zile za santuri za mizunguko 78 kama alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, achana nayo pia. Kichwa cha gramafoni kina uzito unaozidi gramu 100, na sindano yake ya chuma ni ya kubadilishwa kila mara. Mizani hizi nyingi huishia gramu 5.

Nafasi ya kwanza: mizani ndogo ya kidijitali ya sindano, ya kawaida kabisa

Hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu. Hutoka China kwa majina mengi, mwili ni uleule: kijisahani kilichochomoza mbele chenye alama ya kuweka sindano, kioo cha namba, na jiwe la gramu 5 la kuihakiki. Nje huuzwa kama dola 10 hadi 20 za Marekani kabla ya usafiri. Ukiagiza kwa wakala wa Kariakoo, itakufikia kwenye kifurushi cha basi la Tanga.

Kioo huonyesha gramu kwa sehemu za mia, 1.83, 1.84, na hapo ndipo wauzaji wanapojisifu. Usibabaike. Mashine za umri wa zetu zikikaa ndani ya sehemu moja ya kumi ya gramu, kazi imekwisha. Tarakimu ile ya mwisho ni pambo.

Kinachotofautisha nzuri na mbovu ni mambo mengine, na yote unaweza kuyajaribu mkononi. Weka lile jiwe, soma, liondoe, liweke tena, na tena. Ikisoma 5.00, kisha 4.99, kisha 5.01, chukua. Ikisoma 5.00, kisha 4.86, kisha 5.10, irudishe hata kama muuzaji anakuapia. Usiiamini tu kwa sababu inakubaliana na jiwe lake yenyewe, maana jiwe nalo laweza kuwa la uongo. Mpelekee sonara yeyote wa Ngamiani alipime kwenye mizani yake ya dhahabu, ni kazi ya dakika moja. Njia nyingine ni sarafu ya Japani ya yeni 1: ni ya aluminiamu na ina gramu 1 kamili. Watu wa magari ya Japani huzikuta mara nyingine kwenye trei za majivu na chini ya viti, wakazitupa. Waombe. Tano zikipangwa ni gramu 5.

Jaribio la pili ni sumaku. Ndani ya kichwa cha sindano mna sumaku, na vile vyenye koili inayotembea, kama DL-103, vina sumaku kali. Kijisahani cha mizani kikiwa cha chuma kinachovutwa, sumaku hukishika na kipimo kinadanganya. Nenda dukani na kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika iliyokufa, kisogeze karibu na kijisahani. Kikivutwa, tafuta nyingine. Sumaku hiyo ibaki mfukoni ukifika nyumbani. Usiisogeze karibu na sindano yako.

Jaribio la tatu ni kimo, na hili wengi hawalijui. Sindano inapaswa kupimwa ikiwa kwenye kimo kilekile inachokuwa juu ya santuri, maana mikono mingi hubadilisha uzito inapoinuka au kushuka. Santuri ina unene wa kama milimita 2. Kijisahani kikiwa juu sana, mkono unainuka na namba inakuwa si yako. Nzuri ni zile zenye kijisahani kilichoteremka karibu na usawa wa meza. Yako ikizidi kidogo, toa mkeka wa mpira kwenye sahani ya mashine, upime bila mkeka.

Nafasi ya pili: mizani ya bembea

Hii haina betri, haina kioo, haina la kuharibika. Ya Shure, SFG-2, ndiyo inayojulikana zaidi: upande mmoja unaweka sindano kwenye kijifereji, upande wa pili unasogeza kijiwe hadi bembea isimame sawa, na kioo cha kujitazamia kilichopachikwa kinakuonyesha imesimama au la. Hupima kuanzia nusu gramu hadi gramu 3. Shure waliacha biashara ya vichwa vya santuri mwaka 2018, kwa hiyo zilizopo ni za zamani au nakala. Ortofon wana yao ndogo ya plastiki, na kwa bei yake haina makosa.

Kwa mji wa bahari kama wetu, wenye chumvi hewani inayokula miguso ya betri, bembea ina hoja yake. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili tu. Ile ya Shure haifiki gramu 3 na nusu wala 4, na vichwa vya zamani vinavyotaka uzito huo viko vingi hapa. Pia SFG-2 ina vijifereji viwili, na kimoja lazima uzidishe namba kwa mbili. Atakayesahau kuzidisha atapiga santuri zake kwa uzito usio wake mwezi mzima huku akisifu mizani. Kama kichwa chako ni cha gramu 1 na nusu hadi 2 na nusu, na wewe ni mtu mtulivu, ipandishe iwe ya kwanza.

Nafasi ya tatu: ya kidijitali ya bei kubwa

Zipo, za Ortofon na wengine, zinazozidi dola 100. Ni nzuri, hazivutwi na sumaku, hazihangaiki. Lakini kwa hela hiyo unapata sindano mpya, na sindano mpya kwenye mizani ya bei ndogo itaitunza santuri kuliko sindano iliyokwisha kwenye mizani ya kifahari. Fundi anayerekebisha mashine za watu kila wiki, huyo anunue.

Nafasi ya nne: mizani ya mfukoni ya sonara

Ni ile ya mraba ya kupimia pete na mikufu. Ni sahihi, ndiyo maana nimekutuma kwa sonara na jiwe lako. Kasoro ni kimo: sahani yake iko juu sentimita moja na zaidi, na mara nyingi ni ya chuma. Ukijua kukunja kipande cha aluminiamu kikaning'inia pembeni hadi usawa wa santuri, ukakipima kwanza na kukirudisha kwenye sifuri, inafanya kazi. Kama neno "kukirudisha kwenye sifuri" limekuchosha, nunua ya kwanza.

Kutegemea gurudumu la namba la mashine peke yake sikupi nafasi yoyote kwenye orodha, isipokuwa uwe na mashine iliyokamilika kama Technics SL-1200 yenye uzito wake wa asili. Hiyo ukiusawazisha mkono wake kwanza uelee hewani bila kupanda wala kushuka, kisha ukazungusha, itakupa jibu la kuaminika.

Ukishaipata, namna ya kupima ni hivi. Zima mashine, sahani isizunguke. Rudisha sifuri kile kitufe cha kuzuia mkono usivutwe ndani, vinginevyo kitausukuma mkono pembeni. Zima feni. Najua joto la Tanga, lakini mizani ya sehemu za mia husikia upepo, na namba itacheza kama haina akili. Iweke mahali palipolala sawa, iwashe, subiri isome sifuri. Shusha sindano kwa kile kiinuo cha mkono, si kwa kidole, itue juu ya alama. Ikitua pembeni, baadhi hutoa jibu jingine. Soma, inua, rudia. Ukibadilisha kichwa au sindano, pima tena.

Juu ya namba gani uchague ndani ya kipimo cha mtengenezaji, kwa hali ya hewa yetu mimi huenda katikati au juu kidogo ya katikati, siendi chini. Sindano imeshikwa na kijipira, na kijipira cha kichwa cha miaka mingi kimekwisha kukauka. Kinahitaji uzito zaidi kidogo ili sindano isiruke. Ukiona tumbo la kichwa linakaribia kugusa santuri ukiwa na uzito sahihi, basi kijipira kimelegea na hakuna mizani itakayokusaidia. Badilisha sindano.

Kitu hiki hutumika mara chache kwa mwaka. Watu wanne au watano wa baraza moja la kahawa, Chumbageni au Makorora, wanaweza kuchanga wakanunua moja, ikazunguka. Mkubaliane tu ikae kwa nani, na huyo awe na desturi ya kutoa betri kabla ya kuihifadhi, na asiwe na wajukuu wanaopenda kupima sukari.