Prado ya petroli iliyotumika: injini ya lita 2.7 au ya lita 4.0?
Anayetafuta Toyota Land Cruiser Prado ya petroli iliyotumika, kizazi cha 120 (kilichotengenezwa 2002 hadi 2009), hukutana hasa na injini mbili: ya silinda 4 yenye sentimita za ujazo 2694, na V6 (ya silinda 6) yenye 3956. Hizi mbili hutumia cheni ya taimingi, inayoratibu mwendo wa valvu na pistoni, hivyo hakuna gharama ya kubadilisha mkanda wa taimingi. Tofauti kubwa iko kwenye mafuta, kwani katika foleni za Nairobi V6 hunywa zaidi, na wakati wa sevisi huhitaji plagi 6 badala ya 4. Hata hivyo, gari lililojaa abiria na mizigo likipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, ile ndogo hulazimika kukanyagwa sana, na akiba yake hupungua. Kwa matumizi ya mjini, ningechagua 2.7 bila kusita.