Mafunzo ya Wajuzi wa Mazingira Asilia Kaskazini Pemba: Tathmini ya Mshiriki

Mtu mzima anayetaka kuvijua viumbe na mimea ya Pemba bila ya kurudi skuli atafaidika sana na mafunzo yanayotolewa kwa watu wa kujitolea na kikundi kimoja cha hifadhi huku Kaskazini Pemba. Hayana ada wala sharti la vyeti vya masomo; katika kundi letu walikuwamo wavuvi, walimu, wakulima wa karafuu na kina mama wa mwani.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile ya Msitu wa Ngezi. Mkufunzi alituingiza humo alfajiri na kututaka tutulie, tuusikilize mlio wa ndege mpaka tujue unatoka wapi, ndipo tuinue darubini. Pemba ina spishi nne za ndege zisizopatikana kwengineko duniani, wakiwemo ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na bundi mdogo anayesikika usiku, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu tumekulia hapa bila ya kuambiwa hayo. Tulioneshwa pia mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni kisiwa hiki peke yake. Mzee mmoja wa kijiji jirani, aliyealikwa kusaidia, aliitaja miti kwa majina na matumizi yake hata mkufunzi mwenyewe akawa anaandika.

Somo la mikoko lilifundishwa ndani ya matope, na hivyo ndivyo inavyofaa. Tulijifunza kuzitambua aina tatu za miti hiyo: mkoko wenyewe kwa mizizi yake iliyojipinda kama matao, mlilana kwa kutangulia kwake mbele kuikabili bahari, na mchu kwa kulilamba jani lake, ambalo hutoa chumvi juu ya ngozi yake. Masomo ya darasani yalikuwa ya kawaida tu, na vitini vilivyoandikwa kwa Kiingereza havikuwasaidia wengi.

Waandaaji wanastahili kuambiwa wazi kwamba ratiba yao iliwaonea wanawake. Siku kadhaa za masomo ziliangukia bamvua, wakati maji yanapokupwa mbali na wakulima wa mwani wanapokuwa na kazi nyingi kuliko siku zote, kwa hiyo wale wanaoijua pwani kuliko sisi sote ndio waliokosa vipindi vingi. Kalenda ya mwezi ingetosha kuliepusha jambo hilo.

Upungufu mkubwa, hata hivyo, unaanza baada ya cheti. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, ambako mpango wa namna hii ulianzishwa mwaka 1998, mshiriki hutakiwa kumaliza saa 40 za mafunzo na saa 40 za kujitolea ndipo atambuliwe, na hulazimika kuendelea kutumika kila mwaka ili abaki na hadhi hiyo. Hapa kwetu tulipigwa picha, tukagaiwa vyeti, na hakuna aliyepangiwa eneo la kuangalia wala aliyeambiwa daftari lake alipeleke kwa nani. Hilo haliwezi kuelezwa kwa kusema kuwa watu wa Pemba hawako tayari kujitolea. Popo wa Pemba, ambaye kwa kuwindwa na kukatwa misitu alikaribia kutoweka katika miaka ya 1980, alirudi kwa sababu wanavijiji waliunda vikundi vya kulinda miti anayolala na kuzuia uwindaji; hesabu ya mwaka 2007 ilionesha kuwa wamezidi 20,000. Kazi ya kuwahesabu popo jioni wanaporuka kwenda malishoni inaweza kufanywa na kila mmoja wa wahitimu wetu, mradi awepo mtu wa kuzipokea hesabu hizo na kuzilinganisha mwaka hadi mwaka.

Pamoja na hayo, ningeyapendekeza mafunzo haya kwa yeyote anayeishi Konde, Wete au Micheweni. Avae viatu vilivyofunga vizuri kwa ajili ya matope, aende na daftari lisilolowa haraka, na siku ya kwanza amuulize mratibu, mbele ya wenzake, ni kijiji gani au kipande gani cha pwani atakabidhiwa akishamaliza.