Venice, Cannaregio: hoteli ndogo, bei kubwa, na kwa nini nitarudi

Niseme mapema ili anayetafuta chumba kikubwa asipoteze wakati wake: chumba chetu kilitosha kitanda, kiti kimoja na meza ya kuwekea birika la chai. Masanduku yaliingia uvunguni. Kwa euro 240 hivi kwa usiku, kodi ya watalii kando, mtu wa Mombasa au Dar atauliza hela zote hizo zinakwenda wapi. Jibu langu ni kwamba unalipia mahali, na zaidi ya mahali unalipia saa za usiku.

Watalii wengi wa Venice hurundikana San Marco na Rialto. Mimi na mume wangu tulichagua Cannaregio, upande wa kaskazini, karibu na kanisa la Madonna dell'Orto alikozikwa mchoraji Tintoretto. Mchana hata huku wapita njia hawakosekani. Ikifika saa moja usiku, waliokuja kutwa wanarudi kwenye treni na mabasi yao, na mji unabaki na wenyewe pamoja na sisi wageni wa kulala. Wenyewe nao wamepungua mno: miaka ya 1950 mji huu wa kale ulikuwa na wakazi kama 175,000, leo hawafiki 50,000. Utawakuta jioni wamejipanga kando ya mfereji pale Fondamenta della Misericordia, glasi mkononi, sahani za vitafunio mbele yao. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hata baiskeli hairuhusiwi. Aliyezoea Lamu atajiona kwao, ila huku hakuna punda wa kukubebea mzigo.

Kwa hiyo mzigo uupangie mapema. Hapa hoteli nawasifu bila kinyongo: kabla hatujasafiri walituandikia tusishuke Piazzale Roma, mabasi yanapoishia, na kuanza kuburura masanduku juu ya madaraja. Tupande boti ya Alilaguna uwanja wa ndege, laini ya rangi ya machungwa, inayotia nanga Madonna dell'Orto. Teksi ya maji ingetutoa zaidi ya euro 100. Wakatutumia pia picha ya mlango, na tulikuja kuishukuru, maana namba za nyumba Venice hazifuati barabara, zinahesabiwa kwa mtaa mkuu mzima. Kule mtaa wa Castello zinapita 6000. Ukiwa na namba peke yake utazunguka hadi usiku.

Ndani, lifti hakuna. Ngazi ni nyembamba na kali, lakini kijana wa mapokezi alibeba sanduku kubwa bila kuombwa. Nyumba yenyewe ni ya kale, na sakafu imeinama kiasi kwamba chupa ya maji ikianguka inabingirika hadi ukutani. Mji huu umesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope la wangwa. Kule chini hewa haifiki, ndiyo maana hayaozi upesi, na juu yake limepangwa jiwe la Istria ambalo halinyonyi maji ovyo. Tope likilegea kidogo, nyumba nayo inalegea. Sikuona kasoro hapo, ingawa mume wangu alilala upande wa juu wa mteremko makusudi.

Nilichopenda kuliko vyote hakimo kwenye picha za tangazo. Kwenye ukuta wa mapokezi, chini kidogo ya goti langu, kuna mstari uliochorwa. Mama mwenye hoteli alituambia ni pale maji yalipofika usiku wa tarehe 12 Novemba 2019, bahari ilipopanda hadi sentimita 187. Hiyo si kina cha maji barabarani, hupimwa kutoka usawa wa bahari uliowekwa mwaka 1897, ndiyo maana mtu anaweza kusikia 187 na bado akatembea na mabuti. Baada ya usiku ule alipandisha soketi zote za umeme hadi usawa wa kiuno. Tangu Oktoba 2020 kuna MOSE, milango 78 ya chuma inayoinuliwa pale bahari inapoingilia wangwani, sehemu tatu, maji yakitabiriwa kupanda sana. Nilimuuliza kama sasa analala vizuri. Akacheka, akanionyesha mabuti yake ya mpira, bado yapo nyuma ya kaunta.

Sasa malalamiko. Tulikwenda mwanzoni mwa Oktoba na mbu walikuwapo, tena wa kutosha. Dirisha letu lilitazama mfereji, wavu hakuna, chandarua hakuna, na ukifunga dirisha unakosa kile ulicholipia. Tulipouliza tukapewa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, chenye harufu ya dukani. Mtu umetoka pwani ya Afrika, umeruka hadi Ulaya, kuja kuumwa na mbu bila chandarua! Kuanzia alfajiri boti za mizigo na za taka zinapita chini ya dirisha na injini zao. Ukiwa na usingizi mwepesi omba chumba cha uani, ni nafuu pia.

Bafu safi, maji moto hayakukatika, na kuna bideti kama kawaida ya Italia. Wenzangu mnaosafiri Ulaya na chupa ya maji mkobani mnaelewa kwa nini nimeitaja.

Chakula cha asubuhi kilinitia mashaka. Mikate na kahawa vizuri kabisa, ila nyama ya nguruwe na jibini vilipangwa sahani moja, vimegusana. Nilipoeleza, kesho yake nilikuta mayai ya kuchemsha na jibini langu pembeni, na haikubidi nikumbushe tena. Jioni tulikula samaki: dagaa wakubwa wa kukaangwa waliolowekwa kwenye siki, vitunguu na zabibu kavu, wanawaita sarde in saor. Ukipenda achari utawapenda.

Mtaa wenyewe ni wa kutembea bila ramani. Hatua chache kutoka kanisani, kwenye ukuta wa Palazzo Mastelli, amechongwa ngamia mwenye mzigo mgongoni, na uwanja wa jirani, Campo dei Mori, una sanamu za wafanyabiashara, mmoja wao na pua ya chuma. Kutoka Fondamente Nove boti inakufikisha Murano kwa muda mfupi. Tanuri za vioo zilihamishiwa huko mwaka 1291 kwa kuogopa moto, na ushanga wa Venice ndio uliokuwa ukishushwa Unguja karne ya 19, misafara ikaubeba bara kununulia chakula na pembe. Jumba la makumbusho la vioo lina ushanga wa namna hiyo. Nilikaa hapo mpaka mume wangu akachoka kuningoja.

Kuhusu pesa: tiketi moja ya boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo nunua pasi ya siku kadhaa. Gondola bei rasmi ni euro 90 kwa nusu saa mchana. Sisi tulivuka Mfereji Mkuu kwa gondola ya kuvusha watu, ile ya kusimama, euro mbili, tukaridhika. Kodi ya watalii hutozwa kwa kichwa, kwa usiku, mwisho usiku wa tano. Ile ada ya kuingia mjini iliyoanza Aprili 2024 ni ya wanaokuja kutwa. Anayelala hotelini haimhusu, ila siku ada hiyo inapotozwa anatakiwa ajiandikishe mtandaoni kuonyesha amesamehewa.

Sisi tutarudi, na nitaomba chumba kilekile cha mfereji, chandarua nitabeba mwenyewe. Mama yangu simpeleki hapo kwa zile ngazi. Yeye nitamtafutia hoteli Mestre, ng'ambo ya daraja la reli, ambako lifti zipo, bei inapungua, na kwa sababu ya Wabangladeshi wengi wanaoishi huko chakula cha halali hatakikosa. Treni ni kama dakika kumi tu.