Hell's Gate, Naivasha: chukueni mtu wa kuwatembeza
Jamani mkienda hifadhi ya Hell's Gate kule Kenya msibane hela ya mtu wa kuwatembeza, lipeni tu. Kijana wetu nampa nyota 5. Alitusimamisha chini ya Fischer's Tower, ule mnara wa mawe wa kama mita 25, akatueleza kumbe ni magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, iliyogandia kwenye koo la volkeno, halafu mvua na upepo vikala mawe laini ya pembeni miaka na miaka ikabaki ile ngumu peke yake. Nimeshapita hapo mara mbili nikidhani ni mwamba tu! Akaokota kipande cha obsidiani, cheusi, kinang'aa kama chupa iliyovunjika, akasema ni lava, yaani magma iliyotoka nje, iliyopoa haraka. Na korongo la humo hifadhini sasa, kuta zimechongwa na maji mikunjo mikunjo, unapitisha kiganja unaihisi kabisa, na kuna mahali maji yanachuruzika ya moto maana Bonde la Ufa bado linatanuka polepole na joto liko karibu huko chini. Baiskeli niliyokodi nje ndo ilinikera, breki hazishiki, kagueni kabla ya kulipa. Na mawingu yakitanda msishuke korongoni kabisa, mafuriko huja ghafla.