Taa ya kuoteshea miche kutoka karakana ya Kijenge: nyeupe, yenye nyongeza ya nyekundu

Taa ninayoitathmini hapa huundwa katika karakana ndogo iliyo upande wa Kijenge, mjini Arusha, ambako mafundi wawili huagiza diodi (vijitaa vidogo vya LED) na draiva (kifaa kinachozilisha diodi umeme unaofaa) kutoka nje, kisha hukata alumini, hulehemu na kufunga taa kwa vipimo vya mteja. Niliyoagiza mimi ni ya rafu yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90, kwa ajili ya miche ya nyanya, pilipili hoho na saladi, na bei yake ilikuwa shilingi 280,000. Kwa taa isiyo na jina la kampuni kubwa ubavuni, hiyo si bei ndogo, hasa kwa kuwa madukani mtu anaweza kupata taa ya zambarau iliyoandikwa wati 1000 kwa chini ya nusu ya fedha hizo. Hata hivyo, nimezitumia zote mbili katika chumba kimoja, na nina hakika kwamba ile ya Kijenge ndiyo iliyobuniwa na mtu anayejua jani linataka nini.

Wapo watakaouliza taa ya mimea ni ya nini katika mji wenye jua kama Arusha, na swali hilo ni la haki. Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, kila mita moja ya mraba iliyo wazi hupokea takriban mikromoli 2000 za fotoni kwa sekunde (fotoni ni chembe za mwanga, na mikromoli ni kipimo cha idadi yake), kiasi ambacho hakuna taa ya nyumbani inayoweza kukikaribia. Ndani ya nyumba mambo ni mengine kabisa. Hatua chache kutoka dirishani mwanga huwa umeshapungua hadi sehemu ndogo tu ya ule wa nje, nasi hatutambui kwa sababu macho yetu huzoea haraka, ilhali mche hauna namna ya kuzoea: hurefuka shina, huinamia kioo, na majani yake hubaki mepesi na yaliyopauka. Ukiongeza baridi na mawingu ya Juni na Julai, ambayo huweza kuuficha Mlima Meru tangu asubuhi hadi jioni, utaelewa kwa nini anayeotesha miche chumbani hulazimika kutafuta mwanga mwingine. Mwenye eneo la wazi Tengeru au Ngaramtoni hana haja ya taa hii. Kitalu chenye neti kitamtosha, na fedha yake aitumie kwenye mbegu bora.

Sifa kuu ya taa hii ni mpangilio wa mwanga wake. Diodi nyingi zilizomo ni nyeupe, za joto-rangi la kelvini 4000, yaani nyeupe isiyoelemea sana njano wala buluu, na katikati yake zimepangwa kwa nafasi sawa diodi nyekundu za nanomita 660 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, ambao ndio unaoamua rangi yake). Nilipouliza kwa nini hakuna diodi za buluu, fundi mkubwa alinijibu kwa maelezo ambayo sijawahi kuyasikia kwa muuzaji yeyote wa taa mjini. Diodi nyeupe, alisema, ndani yake ni diodi ya buluu ya karibu nanomita 450 iliyopakwa fosfori, yaani unga unaobadili rangi ya mwanga, na fosfori hiyo huigeuza sehemu kubwa ya buluu kuwa kijani, njano na nyekundu, huku sehemu nyingine ikipenya ilivyo. Kwa hiyo buluu inayohitajika kuzuia mche usirefuke ovyo tayari imo, na kuongeza nyingine ni kulipia umeme usio na lazima. Hesabu inamuunga mkono: fotoni ya buluu hubeba nishati nyingi kuliko ya nyekundu, hivyo jouli moja ya umeme, hata kama isingepotea chochote kwa joto, ingetoa takriban mikromoli 5.5 za fotoni za nanomita 660 lakini 3.8 tu za nanomita 450. Katika usanisinuru ziada hiyo ya nishati ya buluu haina kazi, kwa kuwa jani huiachia kama joto.

Hapa niseme jambo kuhusu michoro inayobandikwa kwenye maboksi ya taa za zambarau, ile yenye vilele viwili, kimoja buluu na kingine chekundu, na bonde tupu katikati. Mchoro ule unaonyesha rangi za mwanga zinazonaswa na klorofili, ile kemikali ya kijani ya majani, ikiwa imekamuliwa na kuyeyushwa ndani ya chupa. Jani zima haliko hivyo, kwa sababu ndani yake mwanga wa kijani hudunda kutoka seli hadi seli na hatimaye sehemu kubwa hunaswa, tena hufika kwenye tabaka za chini ambako nyekundu na buluu hazifiki kwa wingi. Mwanasayansi Keith McCree aliyapima majani ya aina 22 za mazao, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972 alionyesha kwamba jani hutumia fotoni za kuanzia nanomita 400 hadi 700, kijani ikiwemo, japo nyekundu ndiyo inayotumika vizuri zaidi. Ni zaidi ya nusu karne sasa, na bado mteja wa Arusha anauziwa bonde lile kana kwamba ndiyo sayansi yenyewe. Nalikasirikia jambo hili, kwa kuwa wanaoumia ni watu wanaojaribu kuanzisha kitalu kwa mtaji mdogo.

Taa ya zambarau niliyoinunua dukani iliandikwa wati 1000, lakini kipimo cha umeme kilichochomekwa ukutani kilionyesha wati 108. Uzito wa hila hiyo unaeleweka pale mtu anapopanga rafu nne kwa kuamini maandishi. Ubaya wake mwingine huonekana kwa macho: chini ya mwanga ule majani yote ni meusi, kwa hiyo mtu hawezi kutambua mche uliopungukiwa naitrojeni wala ulioshambuliwa. Chini ya taa ya Kijenge, niliinua trei ya nyanya na kuona kwenye jani la tatu la mche mmoja mstari mweupe uliojipinda, mwembamba kama uzi, wenye vitone vyeusi ndani yake, yaani njia ya kiwavi wa kantangaze, nondo anayeharibu nyanya. Niliutoa mche ule siku hiyohiyo, na trei nzima ikapona. Anayelima nyanya mkoani kwetu anajua thamani ya kumwona mdudu huyo mapema.

Kuhusu wingi wa mwanga, nilipima kwa kipimo cha fotoni nilichoazima kwa rafiki anayefanya kazi katika shamba la maua. Programu za simu zinazopima kwa laksi hazifai kwa kazi hii, maana laksi, kipimo cha ung'avu, imejengwa juu ya jicho la binadamu, ambalo huona kijani kwa ukali na nyekundu ya mbali kwa udhaifu. Taa ikiwa juu ya majani kwa sentimita 30 na kuwashwa kikamilifu, katikati ya rafu palikuwa na mikromoli 430 kwa mita ya mraba kwa sekunde, na pembeni 290. Kwangu mimi tofauti hiyo ni ndogo na inapendeza, kwani imetokana na uamuzi wa kusambaza diodi kwenye bamba lote na kuzisogeza kidogo kuelekea kingo, badala ya kuzirundika katikati kama ilivyo kwenye ile ya zambarau, ambayo katikati iliunguza ncha za saladi huku trei za kando zikirefuka kwa njaa ya mwanga.

Mche wa nyanya hauhitaji 430. Kinachouhusu mmea ni jumla ya fotoni kwa siku nzima, na jumla hiyo hupatikana kwa kuzidisha mwanga wa sekunde moja kwa sekunde zote ambazo taa imewaka. Mikromoli 200 kwa muda wa saa 14 ni takriban moli 10 kwa siku (moli moja ni mikromoli milioni moja), kiasi kinachotosha kwa miche michanga, na saladi inayokuzwa hadi kuvunwa ndani ya nyumba huhitaji kuanzia moli 12 hadi 17. Taa ina kitufe cha kuzungusha cha kupunguza mwanga, nami niliiweka kwenye wati 58 badala ya 96 zake zote. Kwa saa 14 hiyo ni uniti 0.81 za LUKU, na kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti inayomhusu mteja wa kawaida, ni shilingi 290 hivi kwa siku. Anayebaki kwenye kundi la nyumbani la bei nafuu, lisilovuka uniti 75 kwa mwezi, aangalie sana, kwa kuwa rafu mbili zikiwashwa kikamilifu zinaweza kumtoa huko.

Karakana haikuweka diodi za nanomita 730, zile za nyekundu ya mbali ambayo jicho huiona kwa shida. Kwa miche ninaukubali uamuzi huo bila shaka. Mmea una kipokezi kiitwacho fitokromu, kinacholinganisha nyekundu ya 660 na ile ya 730, na 730 ikizidi mmea huamini kuwa umefunikwa na majirani, ukaanza kukimbilia juu kwa shina jembamba. Kwa mkulima wa saladi, hata hivyo, kiasi kidogo cha 730 hutanua majani na hivyo kuyawezesha kunasa mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo ningependa karakana itoe toleo lenye mstari wake wa 730 na swichi yake peke yake. Kipokezi hichohicho ndicho kinachotumiwa na wakulima wa krisanthemu, mmea unaochanua usiku unapokuwa mrefu: katika latitudo yetu, ambako usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima, hulazimika kukatiza giza kwa taa ili mmea uendelee kutoa machipukizi badala ya maua.

Sasa nije kwenye kasoro, ambazo ni za umeme na si za mwanga. Taa ilipofika, waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatwa ndani ya boksi la draiva na haukuunganishwa na bamba la alumini. Juu ya trei zinazonyunyiziwa maji kila asubuhi, jambo hilo ni hatari kwa maisha, na sitalilainisha. Draiva yenyewe ilikuwa ya aina isiyozuia maji. Niliirudisha taa, wakaunganisha ethi mbele yangu na kubadilisha draiva kwa ile iliyofunikwa kabisa bila kudai nyongeza, ila nilisubiri muda mrefu kuliko walivyoahidi, na simu zangu kadhaa hazikupokelewa. Waranti ni ya mwaka mmoja, na risiti ya EFD walinipa bila kuombwa. Upande wa joto sina malalamiko: bamba ni nene, na baada ya saa kadhaa mkono unaweza kutulia juu yake, jambo muhimu kwa kuwa diodi inayochemka huzeeka mapema. Joto dogo linaloshuka kwenye rafu limezisaidia pilipili hoho, ambazo usiku wa Julai huota kwa kusitasita.

Rafu ya chini, isiyopata mwanga wa moja kwa moja, nimeweka vyungu vya Saintpaulia, ua ambalo ulimwenguni hupambwa madirishani ilhali asili yake ni milima ya huku kwetu, Usambara ikiwa mojawapo. Linaridhika na mwanga mdogo sana kuliko nyanya, na likipewa mwingi majani ya katikati hukunjamana na kupauka. Kwa kipimo kilekile, pale chini pana mikromoli 70, na machipukizi yake ya maua yamejaa.

Anayeagiza ataje vipimo vya rafu yake na aina ya mmea, aombe draiva isiyopitisha maji tangu mwanzo, na asilipe salio kabla ya kuoneshwa ethi ikiwa imeunganishwa. Kwa walioko Moshi, mafundi hutuma taa kwa basi ikiwa imefungwa ndani ya fremu ya mbao, na gharama ya usafiri ni ya mteja. Chumba cha Moshi huwa na joto kuliko cha Arusha, hivyo ni vyema draiva ifungwe ukutani nje ya rafu, na waya uwe na urefu wa kutosha kufika huko; karakana hufanya hivyo ikiambiwa kabla ya kulehemu.