Simu au kifaa maalumu? Kutafuta njia kwa GPS juu ya ATV katika nyanda za Magadi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo tunachambua vifaa viwili vya kutafutia njia kwa anayeendesha ATV, yaani ile pikipiki ya magurudumu manne, mahali pasipo na barabara. Kimoja ni Garmin Montana 700, kilichoundwa mahususi kwa kazi za porini, na kingine ni simu ya kawaida ya Android yenye programu ya OsmAnd. Nimevipeleka Magadi, kusini magharibi mwa Nairobi, kwa sababu huko jua ni la utosi, mtandao wa simu si wa kutegemewa ukishatoka mjini, na vijia vya mifugo hugawanyika na kuungana tena hadi hujui kipi ndicho njia.

Kwanza niondoe dhana iliyoenea kwamba GPS inakula bando. Simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita zipatazo 20,200 juu ya ardhi, wala haitumi chochote huko. Kinachokula bando ni ramani yenyewe, kwa hiyo ipakue yote ukiwa nyumbani. Hata hivyo, pasipo mtandao simu huchelewa kutambua ilipo, kwa kuwa inalazimika kupokea kutoka angani taarifa za mizunguko ya setilaiti ambazo kwa kawaida huletewa na mtandao, na kila setilaiti huzirudia taarifa hizo mara moja kwa nusu dakika. Kwa hiyo washa kifaa mapema, simama mahali peupe wakati injini inapata moto, na usiondoke mpaka alama ya mahali ulipo itulie.

Sasa tuingie kwenye kiini cha uchambuzi huu. Wanunuzi wengi huuliza kama kifaa kitawaambia wakate kushoto au kulia, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo lenye thamani ndogo kuliko yote porini. Ramani inayotumiwa na OsmAnd ni ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na mstari unaouona unaweza kuwa umechorwa na mtu aliyetazama picha ya angani iliyopigwa wakati wa kiangazi, bila yeye kuwahi kufika hapo. Chenye thamani ni kumbukumbu ya mahali ulipopita wewe mwenyewe, kwa maana njia iliyokupitisha asubuhi ndiyo unayoijua kwa hakika jioni. Vifaa vyote viwili hurekodi njia hiyo na kukurudisha juu yake. Garmin huiita kazi hiyo TracBack.

Hapa mpangilio ni muhimu kuliko chapa. Ukienda kilomita 30 kwa saa, unapita mita zaidi ya 8 kila sekunde, hivyo simu iliyopangwa kurekodi kila baada ya sekunde 30 itaacha pengo la mita 250 kati ya nukta na nukta, na katika pengo hilo panda mbili au tatu za vijia zinaweza kupotea kabisa. Panga sekunde 3. Zaidi ya hapo, nenda kwenye mipangilio ya betri ya Android na uiruhusu programu ifanye kazi bila kizuizi, la sivyo mfumo wa kuokoa chaji unaweza kuizima kimyakimya skrini ikiwa imefungwa, nawe ukadhani unarekodi.

Tutazame skrini kwa karibu. Vumbi la Magadi ni laini na lina chumvi. Linatua juu ya kioo, kidole chenye glavu kinalifagia na kuacha michirizi, na simu aghalabu haitambui kwamba umeigusa. Juani nayo hupata joto, mwanga wa skrini ukapungua wenyewe, wakati huohuo chaja ikiiongezea joto. Montana ina skrini ya inchi 5 inayosomeka vizuri juani na inayokubali glavu, imekingwa maji kwa kiwango cha IPX7 (yaani huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa), na mtengenezaji wake anataja hadi saa 18 za betri. Kuhusu mitetemo, mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitahadharisha kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki inaweza kudhoofisha kamera za iPhone. Mwenye simu ya thamani asiifunge moja kwa moja kwenye usukani. Anunue kishikizo chenye mpira wa kufyonza mitetemo. Epuka vishikizo vya sumaku, kwa sababu huivuruga dira ya simu, na utaona mshale ukizunguka ovyo kila unaposimama.

Kuna jambo ambalo hakuna kifaa kati ya hivi kitakachokuonyesha. Kando ya Ziwa Magadi, gamba la magadi huonekana jeupe na gumu kama sakafu, kumbe chini yake ni tope, na ATV yenye uzito wa kilo 300 hivi pamoja na dereva wake italivunja. Waulize wachungaji wa Kimaasai, ambao isitoshe ndio wenyeji wa ardhi ile, na uombe ruhusa kabla ya kupita.

Kwa wanaopenda ramani za zamani za Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, za kipimo cha 1:50,000, na mimi ni mmoja wao, zingatieni kwamba zilitengenezwa kwa Arc 1960, mfumo wa kukokotoa namba za mahali duniani, ilhali GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukihamisha namba za mahali bila kubadilisha mfumo, utakosea kwa mita takriban 300, umbali unaotosha kukuweka ng'ambo isiyo yako ya korongo. Montana na OsmAnd zote mbili huanza na WGS 84; ramani ya karatasi ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

Basi nani anunue nini? Anayetoka kwa nusu siku pamoja na wenzake, simu yenye OsmAnd inamtosha, mradi awe na betri ya akiba na kishikizo kizuri, kwa kuwa bei ya Montana inaweza kununua simu mbili za kiwango cha kati. Anayeelekea mbali zaidi, Shompole au chini ya kuta za milima ya Nguruman, kwa siku nzima, ningemshauri anunue kifaa maalumu na simu aiweke mfukoni ikiwa imezimwa. Na anayekwenda peke yake atazame zaidi toleo la 700i, linaloweza kutuma ujumbe na wito wa dharura kupitia setilaiti za Iridium mahali pasipo na mtandao wowote. Huduma hiyo hulipiwa kwa usajili wa ziada, na usajili huo sharti uwashwe kabla ya kuondoka nyumbani.